Neno la siri la Noël

Mimi nauza lituma, ndizi zilizochemshwa na kutwangwa, pamoja na samaki wa kufungwa majanini. Nasema hivyo mapema ili mtu asije kuniuliza nimejuaje mambo ya kompyuta. Siyajui na sina haja nayo. Lakini meza yangu iko mbele ya mlango wa karakana ya papa Zakaria, hapa Makiso, katikati ya Kisangani, nyuma ya soko, na anayewalisha watu kila siku hujua mengi kuliko wanavyodhani. Najua nani amesifiwa leo, na nani amegombezwa hadi ameacha nusu ya samaki. Kwa hiyo habari za Noël niachieni mimi Kadidja, na anayezijua vingine akauze lituma yake mahali pengine.

Noël aliletwa wakati mto umejaa. Alishuka kwenye mashua kutoka Yanonge pamoja na tonton René, ndugu ya marehemu baba yake, wakapanda hadi kwetu kwa miguu, maana tonton René hapandi toleka. Anasema kubebwa nyuma ya baiskeli ya mtu ni mambo ya wagonjwa. Mzee mrefu huyo, maneno machache, kofia ya sufu kichwani hata jua likiwaka. Noël alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mwenye mabega ya kuvuta nyavu, na macho yake yalikuwa yamekwisha kuingia ndani ya karakana kabla miguu haijafika.

Sasa huyu papa Zakaria. Babu yake alishona kanzu, baba yake alichonga milango, yeye alianza na redio akaishia kwenye kompyuta, na kazi hizo zote wamezirithishana kwa desturi moja. Kwao fundi hatolewi kwa karatasi, anatolewa kwa mdomo. Siku mwalimu wake akisimama mbele ya watu akasema huyu ni fundi, imekwisha, na makosa yake yote ya baadaye yatamrudia aliyesema. Ndiyo maana papa Zakaria hasemi ovyo. Miaka yote niliyokaa pale nilikuwa nimemsikia akisema mara moja tu, kwa kijana Fadhili, ambaye sasa anatunza mashine kule uwanja wa ndege wa Bangboka. Wengine walikuja, wakajifunza, wakaondoka bila neno.

Tonton René alikuwa amekwisha kusimuliwa desturi hiyo, na ndiyo aliyoishika.

"Bon," alisema, akiwa bado amesimama mlangoni. "Nyavu za ndugu yangu ziko zinaoza. Nakuachia mutoto. Maji ikishuka nitakuya. Kama siku ile haujasema mbele ya batu kama huyu ni technicien, anapanda na miye, anarudia kazi ya baba yake."

"Sawa," papa Zakaria akajibu, kana kwamba wanapatana bei ya kuku.

Hakuna aliyemuuliza kijana. Mimi mambo kama hayo yananichoma, nikamuuliza mwenyewe. "Na weye? Unataka nini?"

Akanitazama kwa mshangao kidogo. "Mama, miye nataka kujua ndani ya kintu kuko nini. Kwetu kintu ikiharibika banatupa mu maji."

Jibu hilo lilinipendeza. Nikampa lituma ya bure, nikasema ni ya kwanza na ya mwisho. Ya mwisho haikuwa.

Alianza na vumbi. Kila kompyuta iliyoletwa, papa Zakaria aliifungua, akampa Noël brashi ya kupakia rangi, akamwambia asafishe na asiguse kingine. Vumbi la mji huu mnalijua. Linaingia kwenye mashine, linakutana na unyevu, linakuwa kama ugali. Noël alipiga chafya msimu mzima. Wateja walidhani anaumwa, mmoja akamletea limau. Baada ya vumbi zikaja skurubu. Alifungua kompyuta mbovu mpaka mwisho, akipanga kila skurubu kwenye trei ya mayai, shimo moja kwa kila mahali ilipotoka, kisha akairudishia huku papa Zakaria amekaa kwenye kiti, mikono kifuani. Ikibaki skurubu hata moja kwenye trei, alianza tena. Siku moja niliokota moja chini ya meza yangu, nikamrudishia kwa siri ndani ya jani la samaki. Papa Zakaria aliliona jani. Kijana akaanza tena.

Halafu nyaya. Kumbe waya mmoja wa mtandao una nyuzi nyingi ndani, kila moja na rangi yake, na lazima zikae kwa mpangilio ule ule, la sivyo mashine hazisikilizani. Noël aliusema mpangilio huo akitembea, akila, akichota maji. Chungwa nyeupe, chungwa, kijani nyeupe, bluu, bluu nyeupe, kijani, kahawia nyeupe, kahawia. Mama mmoja mzee aliyekuwa anangoja chakula chake alimsikia mpaka mwisho akasema amina. Tulicheka hadi nikaunguza sufuria.

Na sitaacha ile ya mwalimu wa Lubunga, maana yeye mwenyewe anaisimulia vibaya. Mwalimu huyo alikuwa anavuka mto kwa mtumbwi, begi likamponyoka, kompyuta yake ikanywa maji ya mto. Ilikuwa Ijumaa. Papa Zakaria aliifungua, akatoa betri, akaipangusa, akamwambia Noël, "Uikaushe pole pole, moto kidogo, isikae mu jua," akavaa kofia yake akaenda kuswali. Alikuwa na maana ya taa ile ndogo anayoiweka kwenye kona. Lakini mtoto wa Yanonge ukimwambia akaushe kitu pole pole kwa moto kidogo, anajua jambo moja tu. Akaja kwangu.

"Mama Kadidja, unipatie fasi kidogo kwa kichanja."

Juu ya kichanja changu kulikuwa na samaki wanaokauka, chini makaa yaliyofunikwa majivu. Nilimpa nafasi. Mimi ningejuaje? Papa Zakaria aliporudi kutoka msikitini aliikuta kompyuta ya mwalimu imelala katikati ya kambare wawili, Noël ameketi pembeni anaigeuza kwa uangalifu ili ikauke sawasawa. Papa Zakaria aliketi kwenye benchi yangu akaomba maji.

Ikawaka, lakini. Hilo mwalimu halisemi. Anachosema ni kwamba kila ikipata moto darasani inanukia samaki wa kukauka, wanafunzi wanageuza vichwa, na yeye mwenyewe njaa inamshika kabla ya saa nne. Alikuja kulalamika mara kadhaa, na kila mara alikula kwangu. Papa Zakaria aliisugua kwa spiriti hadi harufu ikapungua, na tangu siku ile hakutoa tena amri nusu. Akisema weka, anasema weka wapi, juu ya nini, na si juu ya nini.

Basi miezi ikaenda, mto ukaanza kushuka. Niliuona kwa samaki, maana maji yakishuka samaki wanakuja wengi, na mimi nafurahi. Mwaka huu sikufurahi. Kila kapu lililofika kutoka mtoni lilinikumbusha kwamba tonton René yuko karibu. Noël naye alikuwa amepungua maneno. Mikono yake ilikwishakuwa ya kazi, hata kipofu angeona. Alikuwa anafungua mashine bila kutafuta, na wateja walikuwa wanamwita yeye kwa jina. Lakini papa Zakaria alikuwa bado hajafungua mdomo.

Siku moja umeme ulikuwa umekwenda, wote wawili wakawa wanakula kwangu, na papa Zakaria akaanza kufundisha akiwa na samaki mkononi. Alikuwa anazungumzia neno la siri, lile ambalo mtandao hauwezi kukupokea bila kulijua.

"Mot de passe ya muzuri iko murefu," alisema. "Hauiandike fasi yoyote. Ikuwe kintu chenye hata malaria ikikupiga hautaisahau, lakini mutu mwingine hapa Kisangani haijue. Umesikia?"

Noël alitafuna, akafikiri. "Niko nayo kintu kama ile."

"Usiniambie."

"Sikuambie, papa."

Papa Zakaria akanawa mikono. "Bon. Mama Clémence wa bandarini anataka wifi kwa biro yake. Utaenda peke yako, utaifanya peke yako. Ikikaa sawa mpaka tonton wako akuye, nitasema lile neno. Ikiharibika, sitasema kitu."

Wali wangu wa jioni siku hiyo ulinishinda. Nilikuwa na furaha na woga kwa pamoja.

Mama Clémence ni mkuu wa chama cha wenye mashua kubwa za mbao, zile baleinière zinazoshuka Yanonge na Isangi. Ofisi yake iko juu kidogo ya maji, paa la bati, na sauti yake inafika hadi ng'ambo. Noël alivuta nyaya, akapanda juu ya dari, akatundika kile kisanduku cha mtandao juu ya mlango. Neno la siri aliliandika mwenyewe kwenye kila mashine ya ofisi, kwa mkono wake, bila kumwambia yeyote, hata mama Clémence. Mtandao ukaenda kasi. Mama Clémence akawa ananunua lituma kwangu kwa ajili ya ofisi nzima, na kila aliponiona alisema yule mtoto ni wa maana. Nami nikawa napeleka chakula bandarini mchana, huku nikijifanya ni biashara tu.

Kisha mtandao ukaanza kuzubaa. Kwanza jioni, halafu mchana. Noël alienda akakagua nyaya, zote nzima. Alibadilisha ncha, akapanda tena kwenye dari. Ulipona asubuhi, ukaugua tena mchana. Alirudi kwangu akaacha samaki mzima kwenye sahani, na hilo halijawahi kutokea.

"Labda kisanduku ni kibovu," nikamwambia.

"Hapana, mama. Kiko kinafanya kazi sana. Kazi ya nani, njo sijue."

Siku mambo yalipolipuka mimi nilikuwa kulekule, nimesimama na sufuria kichwani. Mama Clémence alikuwa anazungumza na fundi wa Kinshasa kwa picha, amchagulie kifaa cha injini ya mashua, mashua imejaa abiria, na yule mtu wa Kinshasa akaganda kwenye kioo, mdomo wazi, kidole kimeelekeza juu. Alibaki hivyo. Mama Clémence alimwita, akamwita tena, akapiga meza. Halafu akampigia simu papa Zakaria na kumwambia aje na mtoto wake, wakati huo huo.

Walikuja kwa pikipiki moja. Papa Zakaria hakusalimia mtu. Aliketi mbele ya kompyuta, akafungua ule ukurasa unaoonyesha simu zote zilizomo ndani ya mtandao, na ukurasa ukaanza kushuka, ukashuka, hauna mwisho. Simu zilikuwa nyingi kuliko abiria wa mashua. Nyingine zilikuwa na majina ya wenyewe, na papa Zakaria akayasoma kwa sauti. Maman Françoise. Arthur Yanonge. Mwana wa Pasta. Kapiteni Moteur.

Noël alikuwa amesimama nyuma yake. Niliona uso wake ukibadilika kwa kila jina. Aliwajua wote. Walikuwa watu wa kwao.

"Ameuza," mama Clémence akasema. "Ameuza mega zangu kwa ndugu zake. Nimemufungulia mulango, anauza nyumba."

"Noël," papa Zakaria akasema polepole, bila kugeuka, "mot de passe ulipatia nani?"

"Hakuna mutu, papa."

"Balioota?"

"Sijue, papa. Sijasema kwa mutu hata moja. Naapa."

Na hapo, kwa bahati ambayo sijui niiite nzuri au mbaya, mlango ukaziba. Tonton René. Mashua yake ilikuwa imefika muda huo huo, watu wa bandarini wakamwambia Noël yuko huku, na kofia yake ya sufu ilikuwa bado na matone ya mto. Aliingia, akatazama sura zetu, akaelewa bila kuambiwa kwamba hapa kuna hukumu. Akavuta kiti, akaketi. Nami nikaweka sufuria chini.

Papa Zakaria alitoka nje akarudi na mama Françoise. Huyu ni mfanyabiashara wa samaki, mwanamke mnene, mcheshi, mwenye meza yake hatua chache kutoka ofisini, na mimi nanunua kwake. Simu alikuwa nayo mkononi, na ndani ya simu watu walikuwa wanacheza mpira.

"Mama, nani alikupatia mot de passe ya hapa?"

"Hakuna mutu alinipatia," mama Françoise akajibu, bila haya hata kidogo. "Nilimuuliza mulinzi, nani alitundika ile kintu? Akasema ni Noël, mutoto ya marehemu Augustin, wa Yanonge. Donc nikamuita kwa jina yake. Mjukuu wangu akaandika, herufi zote pamoja, ikafunguka."

"Jina yake ni Noël," papa Zakaria akasema. "Noël ni fupi sana. Haifungue."

"Ile ni jina ya kanisa," mama Françoise akasema. "Nasema jina yake."

Naye akalisema. Alilisema kwa Kilokele, lugha ya watu wa Yanonge, kwa kuimba kidogo, likaenda refu kama mtu anayesoma sala, na kwa Kiswahili ni kama hivi: msuka wavu siku ya mvua, mtoto wa asiyeyaogopa maji makubwa. Watu wa mto huko kwao walikuwa na ngoma ya gogo iliyosema, na kila mtu alipozaliwa alipewa jina la ngoma, lake pamoja na la baba yake, ili aitwe akiwa mbali kwenye nyavu. Siku hizi ngoma zimenyamaza, kuna simu. Mimi nilijua habari hizo juu juu. Sikujua kwamba majina bado yako.

Tonton René alikuwa amevua kofia.

"Njo ile?" papa Zakaria akamuuliza Noël, kama ndiyo hiyo aliyoiandika.

"Njo ile, papa."

"Nilikuambia kintu chenye mutu mwingine haijue."

"Nilizani hakuna mwenye anaijua." Noël akamgeukia tonton wake. "Tangu papa alikufa, hakuna mutu aliniita vile. Tonton haniite vile. Mama haniite vile, anasema inamuumiza. Nilizani hii jina ilikufa na papa, nimebaki nayo miye peke yangu. Alors niliiandika na mukono yangu, kwa kila machine. Nilikuwa nafurahi tu kuiandika."

"Ingeenda wapi?" mama Françoise akamwambia, kwa upole ambao sikujua kwamba anao. "Baba yako alikuwa anakuita kila jioni, sauti inafika kwetu ngambo. Batu yote ya Yanonge hapa banaijua. Sisi tulizani umeiweka kwa ajili yetu. Tukasema, huyu mutoto hajatusahau."

Noël alicheka na kulia kwa wakati mmoja, hakujificha. Nami nilikuwa nafuta macho kwa kitenge, na asiyependa shauri yake. Hata mama Clémence alikuwa anatazama dirishani kwa bidii sana.

Lakini papa Zakaria si mtu wa kuyeyuka. Alisimama, akakivuta kiti, akakielekeza kwa Noël. "Badirisha. Sasa."

Akageuka akautazama ukuta, kama inavyotakiwa mtu mwingine anapoandika neno la siri. Sisi wote tukageuka. Nilisikia vidole vya Noël kwenye vibonye, si vingi, si vichache, kisha kimya. Kisha nje, kelele. Bandari nzima ilikuwa inalalamika. Mpira ulikuwa umekatika, nyimbo zimekatika, mtu mmoja alikuwa anamwita mchumba wake wa Isangi kwa jina bila kujibiwa. Kwenye kompyuta yule mtu wa Kinshasa, ambaye hakuna aliyekumbuka kumkatia, alipumua, kidole kikashuka, akauliza kama bado wanamsikia.

"Na miye?" mama Françoise akasema, akiitikisa simu yake. "Noël, miye pia umenifungia?"

"Weye pia, mama. Unisamehe. Hii ni kazi ya mama Clémence."

"Na ile match?"

"Nitakuya kwako jioni nikusalimie. Nilikosa kukuya tangu mwanzo. Lakini kufungua, hapana."

Alinung'unika, lakini hakuondoka. Ndipo tonton René akainuka. Alimwendea Noël akasimama juu yake, urefu wote ule, kofia mkononi, na mimi nikasema moyoni, basi, imekwisha, anamchukua.

"Uliandika nini?" akauliza.

Noël akaufunga ule ukurasa.

"Miye ni ndugu ya baba yako. Ile siku alikupatia jina, nilikuwa pale. Nyavu yake niko nayo, mama yako niko namuangalia. Sasa nauliza. Umetoa jina ya ndugu yangu, umeweka nini?"

Kwetu sote, awe Mlokele, awe Mwislamu wa Kisangani, awe nani, mjomba au ami akiuliza hivyo mbele ya watu, unajibu. Hakuna namna. Mimi mwenyewe ningejibu, na mnajua nilivyo. Noël alikuwa bado ameketi, mikono magotini. Akamtazama tonton wake usoni.

"Siwezi kukuambia, tonton."

"Haunisikie? Nasema ni miye nauliza."

"Nakusikia. Nakuheshimu. Lakini ile kintu haisemwe kwa mutu. Hata kwako."

Papa Zakaria ndiye aliyegeuka kutoka ukutani. Hakupandisha sauti. Aliweka mkono kwenye bega la Noël, akatutazama mmoja mmoja, mimi, mama Clémence, mama Françoise, na mwisho kabisa tonton René.

"Batu muko hapa, munisikie. Huyu ni fundi. Nimesema miye Zakaria. Akikosa kesho, muje kwangu."

Mama Clémence akasema amesikia. Mama Françoise akasema amesikia, ingawa kwa kinyongo. Mimi nilisema kwa sauti kubwa zaidi ya wote, mara mbili, isije ikapotea.

Tonton René alisimama vile vile. Alikuwa ametoa masharti kwa mdomo wake, na masharti yalikuwa yametimia mbele ya macho yake, kwa yeye mwenyewe kunyimwa. Aliizungusha kofia mikononi.

"Mama yako akiniuliza," akasema mwishowe, "nimujibu nini?"

"Mwambie nilikunyima, tonton."

"Hatasadiki. Weye, tangu mudogo, hata samaki ya mwisho kwa sahani ulikuwa unanipatia."

Akavaa kofia yake. Sikumruhusu aondoke na njaa, nikamfungia lituma na samaki wawili, akapokea bila kusema asante, kama ilivyo desturi yake. Tulimsindikiza hadi majini, Noël amembebea mzigo. Mzee alipanda mashuani peke yake, akaketi mbele. Kabla injini haijawaka nilimsikia anamwambia mama aliyekaa karibu naye, "Mutoto ya ndugu yangu amenikatalia." Yule mama akasikitika. Mzee akamgeukia kapiteni, akamwambia yeye pia, halafu na vijana waliokuwa wanavuta kamba, na kila alipolisema alikuwa anatabasamu.